Spea za mavazi ya kuzamia maji ya baridi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huletwa zaidi na wazamiaji waliojifunzia Unguja, Pemba, Mafia, Watamu au Diani, kisha wakapata safari ya maji ya baridi. Wengine wanakwenda Cape Town, wengine Aisilandi, wengine Scapa Flow, kwenye visiwa vya Orkney kaskazini mwa Uskoti. Majibu mengi yameegemea Scapa Flow, maana huko ndiko safari ya wiki nzima inapoweza kukwama kwa sababu ya kipande cha mpira. Suti inayozungumzwa zaidi hapa ni suti kavu, ile isiyoingiza maji, inayozibwa kwa mipira shingoni na mikononi.

Baridi yenyewe ni ya kiasi gani?

Bahari yetu hukaa kwenye nyuzi 25 hivi wakati wa kusi na hukaribia 30 kaskazi inapokolea. Scapa Flow mwezi wa Aprili ni nyuzi 6 au 7. Septemba, maji yakiwa yameota jua miezi yote ya kiangazi, ni 13 au 14. Ufa wa Silfra, ndani ya hifadhi ya Þingvellir kule Aisilandi, ni nyuzi 2 hadi 4 mwaka mzima, kwa kuwa maji yake ni ya barafu iliyoyeyuka na kuchujika kwenye miamba ya volkano.

Cape Town ndiyo inayowachanganya watu. Upande wa Atlantiki, maji huwa baridi zaidi wakati wa kiangazi. Upepo wa kusini-mashariki husukuma maji ya juu yaende mbali na pwani, na ya chini hupanda kuchukua nafasi. Mtu anafunga safari ya Desemba, ufukweni jua linachoma, akiingia majini anakuta nyuzi 10 au pungufu. False Bay, upande wa pili wa mji, huwa na nafuu msimu huo huo.

Nimeshapata suti nzuri. Spea za nini tena?

Chukua Scapa Flow. Watu wanakwenda kuona meli za kivita za Ujerumani zilizozamishwa na mabaharia wake wenyewe tarehe 21 Juni 1919. Leo zimebaki manowari kubwa tatu, König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, pamoja na kruza nne, ambazo ni meli za kivita ndogo zaidi, na sehemu kubwa ya uzamiaji iko kwenye kina cha mita 25 hadi 40 na zaidi kidogo. Ili ufike inabidi upande ndege hadi Uingereza, usafiri tena hadi ncha ya kaskazini ya Uskoti, kisha uvuke kwa feri kutoka Scrabster hadi Stromness kwa saa moja na nusu. Boti umeshailipia wiki nzima. Jumatatu asubuhi mpira wa shingo unachanika wakati unavaa suti, na wenzako wanashuka wewe ukiwa umebaki jikoni unakunywa chai.

Suti nzima haifi mara kwa mara. Kinachokufa ni vitu vidogo vya bei ndogo: mpira wa shingo, kidole cha glavu, hosi, kitasa cha zipu. Kwa hiyo mimi husema beba vipuri, usibebe suti ya pili. Anayefika na suti mbili lakini hana mpira wa mkono wa akiba amebeba mzigo mkubwa na kuacha kinga.

Je, wetisuti (suti ya neopreni inayoruhusu maji kuingia) ya milimita 7 inaweza kuwa akiba ya suti kavu?

Inategemea unakokwenda. Cape Town, ndiyo. Huko wengi huzamia kwa wetisuti nene na kofia, na kina cha misitu ya mwani si kikubwa. Suti kavu ikikuharibikia, utavaa wetisuti, utazamia kwa muda mfupi zaidi na utapata siku yako.

Scapa Flow, hapana. Neopreni, mpira unaoshonewa wetisuti, inazuia baridi kwa sababu ya vipovu vya gesi vilivyomo ndani yake, na kwenye kina cha mita 30 shinikizo ni mara nne ya lile la juu. Vipovu vinabanwa, suti inakuwa nyembamba, na ile milimita 7 uliyoilipia unakuwa nayo juu ya maji tu. Ongeza nyuzi 7 za maji na vituo vya kupunguza gesi mwilini wakati wa kupanda. Si vazi la akiba hilo, ni adhabu.

Ni kitu gani hasa kinachoharibika mara nyingi?

Mpira wa shingo, kisha ya mikono. Iko ya aina tatu: ya mpira asilia, ya silikoni na ya neopreni.

Mpira asilia una mvutano mzuri, lakini unaliwa na jua, mafuta na hewa ya ozoni inayotoka kwenye mota za umeme. Kabla ya safari, uvute polepole kati ya vidole ukiwa umeelekea dirishani. Ukiona nyufa ndogo kama za matope yaliyokauka, au ukishika na vidole vikanata, huo umekwisha hata kama jana haukuvuja. Angalia zaidi ukingo wa juu, pale ulipokatwa kwa mkasi kuupanua. Kikato kikiwa na kijino kidogo tu, ndipo utakapochanikia.

Silikoni ni laini shingoni na joto letu la pwani haliiharibu kama linavyoharibu mpira asilia. Ila ikishachanika kidogo, huchanika yote. Uzuri wake ni kwamba hufungwa kwenye pete ya plastiki, si kwa gundi, na hubadilishwa kwa dakika chache hapo hapo kwenye sitaha. Ukiniuliza shilingi yako ya kwanza uiweke wapi, peleka suti kwa fundi ifungwe pete shingoni na mikononi kabla hujanunua kitu kingine chochote. Kisha beba mpira mmoja wa shingo na jozi moja ya mikono. Vyote vinaingia kwenye bakuli la plastiki lenye kifuniko, na vilale humo bila kukunjwa.

Jaribu kuubadilisha mwenyewe nyumbani. Mara ya kwanza mpira utateleza, utatoka upande mmoja ukiufunga upande wa pili. Usifanye mazoezi hayo boti ikiwa inayumba na nahodha anahesabu dakika, kwa sababu pale muda hausubiri mtu.

Suti yangu ni ya zamani, mipira imegundishwa. Nifanyeje?

Unaweza kubeba mpira na gundi, lakini jua mambo mawili. Gundi ya yurethani inahitaji karibu usiku kucha kushika, na kwenye chumba cha baridi inachelewa zaidi. Pili, gundi nyingi za suti na vimiminika vya kusafishia huwaka moto, hivyo haziruhusiwi kwenye ndege, si mkononi wala kwenye begi la chini. Soma lebo, ukiona alama ya moto, acha nyumbani na uagize ikusubiri huko unakokwenda.

Mpira wa mkono ukipasuka kidogo, wapo wanaougandisha kwa kiraka cha baiskeli au teipu pana pande zote mbili na kumaliza siku. Mkononi nakubali. Shingoni sikubali, maana maji yanayoingia hapo yanashuka kifuani na mgongoni moja kwa moja.

Nywele zangu zimesukwa, na mwenzangu anavaa hijabu. Mpira utaziba?

Utaziba ukigusa ngozi tupu kuzunguka shingo yote. Unywele mmoja au ncha ya kitambaa ikipita chini yake, maji yamepata njia.

Misuko na rasta zifungwe juu kwanza, kisha vaa mfuko laini wa plastiki kichwani kwa sekunde chache wakati wa kupitisha mpira, ili uteleze bila kuvuta nywele wala kuchanika. Ukishapita, vua mfuko, pitisha kidole kuzunguka shingo, toa kila kilichobanwa. Anayevaa hijabu avae kikofia cha ndani kinachoishia juu ya mpira. Kofia ya neopreni itafunika nywele, masikio na shingo yote. Mtandio mkavu uwe kwenye mfuko wa sitahani, juu kabisa, upatikane mara tu kofia inapovuliwa.

Kuna jambo ambalo maelekezo mengi ya huko hayaligusi. Mafuta ya nazi, siagi ya shea na vaselini huula mpira asilia. Ukijipaka asubuhi kama ilivyo desturi, oga shingo na mikono kwa sabuni kabla ya kuvaa suti. Kuteleza kunatafutwa kwa poda ya talki isiyo na manukato au kwa maji ya sabuni laini.

Na kofia ya akiba ni lazima iwe yako. Mwenye nywele nyingi huhitaji saizi kubwa kuliko kipimo cha kichwa chake, na kofia za kuazima kwenye boti hazikutengenezwa zikikufikiria.

Zipu ikigoma?

Hapa spea haisaidii sana, maana zipu ya suti kavu haibadilishwi safarini. Kinachosaidia ni matunzo. Zipu ya shaba ipakwe nta ya mishumaa au ya nyuki na isikunjwe kona kali hata mara moja. Ya plastiki haitaki nta. Inataka grisi yake maalumu kidogo kwenye ncha inapofungia. Beba zote mbili kama kundi lenu lina suti za aina tofauti.

Zipu ya mgongoni hufungwa na mwenzako. Mwambie avute polepole, aangalie kama nguo ya ndani haijabanwa, kisha wewe mwenyewe uvute mara ya mwisho uhakikishe imefika mwisho. Suti nyingi zinazosemwa zimevuja, kumbe zipu ilibaki na nafasi ya ukucha.

Nguo za ndani nibebe ngapi?

Mbili kamili. Huu ndio ushauri ambao sibishani na mtu juu yake. Suti kavu nyingi za kitambaa hazina joto lenyewe. Joto liko kwenye nguo za ndani. Jasho au tone linalopenya likizilowesha asubuhi, mzamio wa mchana utaingia ukiwa tayari umepoa, na kukausha nguo nene ndani ya boti yenye watu kumi na wawili ni ndoto.

Seti ya pili si lazima iwe ya duka la uzamiaji. Nenda mitumba, Karume au Gikomba, tafuta safu mbili: ya chini ya sufu ya merino, ya juu ya flisi nene, suruali na shati. Soma lebo ya ndani. Ukiona pamba imezidi, rudisha. Pamba ikilowa hubaki imelowa na kuganda mwilini, wakati sufu na flisi huendelea kusaidia zikiwa na unyevu. Soksi nazo ziwe za sufu, jozi tatu au nne, na uhakikishe mguu bado unaingia kwenye buti ya suti bila kubanwa. Soksi iliyobanwa inazuia damu, na mguu unapoa zaidi.

Kuna mtego kwenye nguo za akiba. Zikiwa nene kuliko za kwanza zinashika hewa zaidi, na unahitaji risasi (vipande vya uzito vya kukuzamisha) zaidi mkandani; zikiwa nyembamba, kinyume chake. Zijaribu majini kabla, uandike idadi ya risasi kwa kila seti kwenye kitambaa, ukakishone au ukakibandike mfukoni mwa nguo husika.

Glavu za maji au glavu kavu?

Glavu kavu zina joto zaidi, na ndizo zinazotoboka zaidi, hasa ukishika chuma chenye kutu na kome. Kwa hiyo beba jozi ya ziada ya glavu za nje, bitana mbili za ndani, na glavu za neopreni za milimita 5 kama tegemeo la mwisho. Acha mpira wa mkono chini ya pete ya glavu. Wengine huuondoa kwa starehe, halafu glavu ikitoboka maji yanapanda hadi kwapani. Ukiuacha, pitisha mrija mwembamba au uzi chini yake ili hewa ifike kwenye glavu. Ukishapanda juu unautoa.

Kabla ya kulipa, jaribu jambo moja: ukiwa na glavu za akiba, shika kitufe cha kuingizia hewa, fungua bizimu ya mkanda, washa tochi. Usipoweza dukani, hutaweza kwenye mita 35.

Hosi na valvu zina haja ya spea?

Hosi moja ya kuingiza hewa kwenye suti, ndiyo. Ni nyepesi na ikipasuka suti haina kazi. Angalia kiungio: kipo cha kawaida kinachofanana na cha jaketi la kuelea, na kipo cha aina ya CEJN. Haviingiliani. Ukikodi suti huko ukaja na hosi yako, uliza kwanza.

Valvu suuza kwa maji baridi kila jioni. Chembe ya mchanga kwenye valvu ya kutolea hewa inatosha kukuletea mkono uliolowa ambao utaulaumu mpira bure.

Regileta, kifaa cha kupumulia majini, si vazi, ila swali huja. Iliyoandikwa EN 250, kiwango cha Ulaya cha vifaa hivyo, pamoja na alama ya >10°C haikuthibitishwa kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 10. Iache kwa safari ya Mnemba.

Fulana ya umeme, ile inayopasha mwili joto kwa betri, je? Ikiwepo, nipunguze nguo?

Usipunguze. Panga nguo kana kwamba fulana haipo, kisha uifurahie. Mwaka 2007 kitengo cha majaribio ya uzamiaji cha Jeshi la Majini la Marekani kilichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa kuwa na joto chini kisha baridi wakati wa kupanda huongeza hatari ya ugonjwa wa kupanda (gesi kufanya vipovu mwilini), kuliko kinyume chake. Betri inayokufa katikati ya mzamio inakuletea mpangilio huo huo mbaya. Ukiwa nayo, iweke kwenye joto la chini au uizime mkiwa chini kwenye meli iliyozama, uiwashe wakati wa kupanda.

Betri za akiba za lithiamu hubebwa mkononi kwenye ndege, vichwa vya nyaya vikiwa vimefunikwa, kamwe si kwenye begi la chini. Hadi wati-saa (Wh) 100 kwa kawaida hazina tatizo. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege na haziruhusiwi zaidi ya mbili.

Si bora nikodi kila kitu huko huko?

Silfra, ndiyo. Kampuni zinazopeleka watu pale hutoa suti, kofia na glavu, nawe beba nguo za ndani na soksi tu, pamoja na uthibitisho kwamba umeshazamia kwa suti kavu. Cape Town nako kukodi ni rahisi. Scapa Flow unaweza kukodi, lakini suti isiyo ya umbo lako kwa wiki nzima ni mateso. Angalau mipira ya shingo na mikono, glavu na kofia viwe vyako.

Suti ikijaa maji nikiwa chini, nitazama?

Maji ndani ya maji hayana uzito, hivyo hayakuvuti chini. Unachopoteza ni hewa iliyokuwa inakuinua, pamoja na joto. Tumia jaketi la kuelea, mwoneshe mwenzako ishara, mpande kwa mwendo wa kawaida. Uzito utaukuta kwenye ngazi ya boti, maji yote yakiwa yamejaa miguuni. Panda taratibu, yaache yashuke, na usione haya kuvutwa.

Mazoezi ya hili hufanywa kwenye kozi ya suti kavu, kwenye maji mafupi. Spea zote hizi hazimfai mtu ambaye suti kavu anaivaa kwa mara ya kwanza Stromness.

Nipange vipi mabegi?

Mkononi: mipira, betri, kompyuta ya kuzamia, nguo za ndani seti moja. Begi la chini likipotea, suti utaipata ya kukodi, lakini vitu hivyo vitakufaa. Kwenye boti, tenga mfuko usioingiza maji ukae sitahani: glavu, kofia, mpira wa shingo, talki, kitambaa kikavu, soksi. Spea iliyolala hotelini ni sawa na haipo. Weka na chupa ya chai ya tangawizi. Ukimwona mwenzako anatetemeka na vidole havifungui bizimu, mvue nguo zilizolowa, mvike kavu, mpe kinywaji, na asikimbilie maji ya moto bafuni mara tu baada ya mzamio wa kina kirefu.

Nikirudi Dar au Mombasa, nizihifadhi wapi?

Suuza kwa maji yasiyo na chumvi, kausha kivulini ndani na nje, pakaza talki kwenye mipira asilia. Usiziweke stoo ya bati wala karibu na jenereta au kompresa. Chumba chenye kivuli, suti ikiwa imening'inizwa au kuviringwa bila kukunja zipu, kinatosha. Mipira ya akiba iwe kwenye mifuko iliyofungwa, gizani. Andika tarehe ya kununua kwenye mfuko, si kwenye mpira, maana wino wenyewe unaweza kuuharibu.